Msumeno wa Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na moja nilinunua dhahabu Mwakitolyo, na katika miaka hiyo watu walinidanganya mara nyingi kuliko mkono wangu. Mchimbaji alikuja na kidonge chake kimefungwa kwenye kipande cha nailoni, nami kabla sijakiweka kwenye mizani nilikirusha kidogo kiganjani, mara mbili, mara tatu. Kikiwa chepesi kuliko umbo lake nilimrudishia bila maneno mengi. Shaba inajua kung'aa, lakini uzito haiwezi kuuiga. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Hata mtu ambaye hajawahi kuchungulia shimo la mgodi, ukimuuzia sufuria ataitupa juu kidogo aidake kwanza. Kufuli tunalipima hivyo hivyo, na chaja ya simu, na viatu vya mtoto. Kilicho chepesi ni feki, na hilo hatujadiliani.

Nalisema mapema ili mtakapofika kwenye ujinga wangu msinicheke mimi peke yangu.

Mume wangu ni fundi seremala. Karakana yake iko Tinde, kando ya barabara, mabati juu na mabanzi pembeni, na vumbi la malori linaingia humo kama limealikwa. Nilipoachana na biashara ya dhahabu nilihamia pale pale mbele ya karakana nikafungua kibanda cha nafaka, kwa hiyo asubuhi ile kiharusi kilipomkuta nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Alikuwa anapiga randa mlango wa mninga. Nikasikia randa imeanguka. Nikapiga kelele, "Unaharibu vyombo!" kwa sababu mimi hutangulia kugomba, kuuliza ni baadaye. Hakujibu. Nilipoingia nilimkuta ameuegemea mlango, mdomo umeenda upande.

Alipona, kwa kiasi chake. Mdomo ulirudi, mguu wa kulia ukarudi na kuburura kidogo, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia. Kila asubuhi alikwenda karakana vilevile. Alifagia kwa mkono wa kushoto, akapaka patasi mafuta, akakaa. Mteja akija, alimwonyesha kwa kidevu fundi wa ng'ambo ya barabara. Alijaribu msumeno wa mkono mara moja tu nikiwa naona. Mbao haikuwa na wa kuishika, ikawa inacheza mezani, na msumeno nao ukawa unacheza juu yake. Akauweka chini taratibu, akaendelea na mafuta yake.

Nilikuwa nateseka kumtazama, nasema kweli. Yule anayetoa mazoezi ya viungo hospitalini Shinyanga alituambia mtu huyu apewe kazi aliyoizoea, mkono mzima uanze, mgonjwa utafuata ukitaka. Lakini kazi gani? Mashine ya waya alikuwa nayo, ila waya unamnasa mguu anaouburura, na umeme wetu nao una tabia zake.

Siku moja nilikwenda Bugarama kwenye msiba. Jirani na nyumba ile mafundi walikuwa wanaezeka. Mmoja amekaa juu ya kenchi, mkono mmoja ameshika boriti asianguke, mwingine ameshika msumeno mdogo wa betri, ule wenye kisahani cha meno kinachozunguka. Hauna waya wala jenereta. Akaugusisha kwenye mbao, zii, kipande kikaanguka. Kwa mkono mmoja! Watu waliokuwa karibu nami walidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia mume wangu, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa furaha.

Wiki iliyofuata nikapanda gari hadi Kahama, kwenye duka la vifaa. Sikumwambia mume wangu, nilitaka kumshtua. Muuzaji alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Akaniwekea misumeno miwili mezani, yote ya betri. Mmoja mdogo, kisahani chake kinaenea kwenye kiganja. Wa pili umejaa jaa, kisahani kipana, betri nene.

Mnajua nilichofanya. Niliunyanyua ule mdogo nikaurusha kidogo mkononi.

"Huu wa kuchezea watoto," nikasema.

"Hapana mama. Huo ni mzima kabisa. Unakata mbao ya inchi mbili bila shida, na mtu anaweza kufanya nao kazi kutwa bila kuchoka bega."

"Mwepesi hivi?"

"Wepesi ndio sifa yake, mama."

Wepesi ndio sifa! Nilimtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wale wa kidonge cha shaba. Nikaunyanyua ule mkubwa. Ukanivuta mkono chini, na moyo wangu ukatulia.

"Nipe huu."

"Sawa, ila kuuliza si ujinga. Nani atautumia?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu, nami nikaparuka. Ningemwambia, mume wangu, mkono mmoja, na wenyewe wa kushoto. Lakini tangu augue nilikuwa nimechoka na zile "pole" za watu, na yale macho. Nikamjibu, "Wewe niuzie." Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi niliuficha uchi usio wangu hata.

Mume wangu alifungua boksi. Kisha akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Aliigusa ile mashine pande zote kama mtu anayekagua ndama. Akachaji betri, akasoma maelezo yote kwenye karatasi, akarekebisha kisahani kishuke kidogo tu chini ya unene wa mbao, kama ipasavyo. Kwenye ubongo wake ufundi haukupungua hata nukta. Akaniambia nisimame mbali.

Alianza vizuri. Robo ya mbao ilikwenda imenyooka. Ilipofika katikati nikaona bega lake la kushoto linashuka, mashine inalala upande, na mkono wa pili wa kuisaidia hana. Kisahani kikabanwa ndani ya mbao. Mashine ikaruka kurudi nyuma, ikang'oa kipande cha meza, ikapita karibu na paja lake. Alikuwa ameachia swichi, Mungu mkubwa, ikazima hewani.

Akaiweka chini. Akachukua gunia akaifunika.

"Ni mashine nzuri," akasema. "Itafutie fundi."

Hilo neno lilinichoma, na mimi nikichomwa nachoma. Nikamwambia hajajaribu hata mara mbili. Nikamwambia nimesafiri juani kwa ajili yake. Na nikasema jingine, ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze: nikamuuliza kama anapenda kukaa akilishwa. Alitoka akaenda nyumbani mapema, mguu ukichora mstari mavumbini.

Nilibaki mle ndani na hasira yangu. Hasira haina pa kwenda ukiwa peke yako, ikanigeukia. Nikajiambia, hebu nione ugumu uko wapi. Nikafungua kanga yangu ya pili, nikaufunga mkono wa kulia mgongoni, nikakaza fundo begani kwa meno. Nikatoa betri kwanza, mimi si kichaa. Kisha nikairudisha, maana bila betri uzito haukuwa ule ule. Nikatoa kisahani badala yake, kwa tabu, huku nikihema, na nikagundua kwamba hata kufungua nati moja kwa kushoto ni kazi ya nusu saa. Halafu nikaishika mashine juu ya mbao, nikaisukuma taratibu kama alivyofanya yeye.

Sikufika katikati. Mkono ulianza kutetemeka kutoka kwenye kiwiko, nikaiangusha mezani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikaa juu ya mabanzi nikalia, safari hii si kwa furaha.

Mume wangu alikuwa amesahau kofia. Alirudi kuichukua akanikuta nimekaa chini, mkono mgongoni, kamasi zinanitoka na siwezi kuzifuta.

"Mayu," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu, "umekamatwa na polisi gani?"

Nikacheka na kulia pamoja. Akainama kunifungua lile fundo kwa vidole vyake vya kushoto, na ilimchukua muda, nikamwacha. Nikamwomba msamaha kwa nilichosema. Akasema amekwisha kusahau, uongo wa kiungwana. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake.

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini, baba watoto?"

"Ungeniuliza nataka ipi. Ninajua mashine. Mkono ndio umekufa."

Ule mkubwa ulinunuliwa na fundi mmoja wa kuezeka pale pale Tinde, mwenye mabega ya kubebea jeneza, naye anausifu hadi leo. Sikuwa nimeuziwa kibaya. Nilikuwa nimemnunulia mtu mwingine.

Tukaenda Kahama wawili. Muuzaji aliponiona akavaa miwani yake. Kabla sijatafuta pa kuanzia, mume wangu alikwishaongea.

"Shikamoo isiwe ndefu, bwana, maana tunalingana," akasema. "Mtumiaji ni mimi. Nilipata kiharusi, huu wa kulia haufanyi kazi. Nionyeshe ya kushoto."

Aliyasema mbele ya wateja wote, wazi kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. Nami nikajiona mdogo sana pale kaunta. Hakuna aliyempa pole. Muuzaji aliinama chini ya meza akatoa misumeno midogo mitatu.

Mume wangu aliishika mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa na betri ndani, kwa sababu, aliniambia, bila betri unapima nusu. Hakurusha chochote juu. Alinyoosha mkono akakaa hivyo, ametulia, hadi muuzaji akaanza kuhudumia mtu mwingine. Wa kwanza aliuweka chini kwa kuwa kidole gumba hakikukifikia vizuri kile kitufe cha usalama, ambacho usipokibonyeza swichi haikubali. Wa pili ulikuwa na kisahani upande wa kushoto. Akaniita nitazame. Akiushika kwa kushoto, mwili wa mashine unamziba, mstari aliouchora haonekani mpaka achungulie. Wa tatu kisahani kiko kulia, mstari uko wazi mbele ya macho yake. Akaomba kipande cha mbao akakikata pale pale, muuzaji akimshikia. Kipande kikaanguka.

"Huu," akasema.

Nilitaka kuupima kiganjani. Mkono wenyewe ulikuwa umeshaanza kwenda. Nikaurudisha nyuma.

Tulinunua na jiriwa mbili za kubania mbao mezani, ziwe badala ya ule mkono wa kulia. Kwa siku nne alikata paina chakavu tu. Alibana mbao, akabana juu yake ubao mwingine ulionyooka, kisha akauegesha msumeno kwenye huo ubao na kuusukuma, kwa hiyo uzito ulibebwa na mbao na njia ilishikwa na ubao, yeye akabaki na kazi ya kusindikiza. Akimaliza alisubiri kisahani kisimame kabisa ndipo auweke chini. Vipande vya mwanzo vilipinda. Alivipanga ukutani vyote, hakuficha hata kimoja, na kila jioni alivitazama kwa hasira ya kifundi.

Siku ya tano akaja mama mmoja wa mgahawa wa jirani.

"Mwadila, mayu," akanisalimu. "Nataka mabenchi mawili. Nimesikia mashine inalia huku."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani: "Marefu kiasi gani?"

Mbao za benchi zilikuwa ndefu kuliko meza, ncha moja inaning'inia. Mume wangu akaniita nikashike. Yule mama naye akaja mlangoni kutazama. Nilishika ile ncha kwa nguvu zangu zote, nikaisukuma juu, maana niliogopa isije ikaanguka ikamponza. Msumeno ukaanza kuguna. Akauzima.

"Wewe!" akafoka. "Nani kakwambia uinyanyue? Ukiinyanyua unanibania kisahani! Nimesema shika, sijasema beba. Miaka yote umekaa mlangoni kwa seremala hujajifunza kushika mbao?"

Yule mama alinitazama kwa huruma. Ananijua, na anajua mtu anayenifokea mbele za watu huwa anajibiwa nini. Akasubiri.

Mimi nilikuwa nahesabu. Tangu siku randa ilipoanguka, mwaka na miezi, mume wangu alikuwa hajanifokea hata mara moja. Nikimfunga vifungo vya shati, alisema ahsante. Nikimletea maji, ahsante. Chakula kikiungua, alikula, akasema ahsante. Nilikuwa naishi na mgeni mwenye adabu, na sikuwa nimelitambua hilo mpaka dakika ile aliponifokea, akiwa amesimama wima, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nishikeje?" nikamuuliza.

"Hivyo. Legeza. Iache ishuke yenyewe."

Nikalegeza mikono.