Vyuma Arobaini na Kimoja

Chuma cha kumi na saba kilinishinda.

Nilikuwa nimechuchumaa juu ya turubai, brashi ya waya mkono mmoja, kitambaa cha mafuta ya taa mkono wa pili. Vyuma kumi na sita nilikuwa nimeshavitambua. Hiki kilikuwa bomba lililopindwa ncha zote mbili kama pembe, na sikuwahi kukiona kwenye gari lolote.

"Hicho cha Kijerumani," alisema Athanas. Alikuwa amekalia kiti changu. "Fundi wa baiskeli utakijulia wapi?"

Niliandika kwenye daftari: *17. Bomba. Halijulikani.*

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1997, Kishapu, wakati wa mvua zile ambazo kila aliyekuwepo anazikumbuka. Mbuga za udongo mweusi zilijaa tope, njia zikafunga. Lori lililala njiani wiki nzima, na mgonjwa wa ng'ambo ya mbuga alisubiri apone mwenyewe au afe.

Ndiyo maana kila mtu aliitaka mashine ile.

Ilikuwa gari la matairi matatu, mbele moja, nyuma mawili mapana ya trekta. Haikutoka kiwandani. Mtu aliiunda kwa mikono yake miaka ya sabini, kwa vyuma vya magari yaliyokufa, ipite kwenye tope ambalo hata ng'ombe hulichukia. Sasa ilikuwa fremu moja iliyopakwa rangi mpya, na gunia la vyuma arobaini na kimoja.

Athanas, dalali wa dhahabu kutoka machimbo ya upande wa Geita, aliileta kwangu niiunge ili apeleke chakula kwenye kambi za wachimbaji. Kosa lake ni kwamba aliipitisha senta yetu ya Mhunze siku ya mnada.

Scolastika, mama Bujiku, aliiona fremu juu ya lori. Akaangusha kapu la dagaa.

Mume wake Marcel ndiye aliyeiunda. Mwaka 1991 Marcel alikwenda nayo machimboni Geita, akafukiwa na shimo. Athanas, rafiki yake, ndiye aliyeleta habari za msiba. Mama akamuuliza mashine iko wapi. Athanas akasema, "Shemeji, imefukiwa pamoja naye."

Miaka sita mama yule aliamini kwamba mume wake na mashine yake wamelala shimo moja.

Sasa Athanas alisema hii ni nyingine, ameinunua kwa Mzungu mmoja upande wa Songwa.

Mtendaji wa kata, Mzee Mayala, aliamua hivi: fundi atambue chuma kimoja kimoja mbele ya wote. Kama kuna alama ya mwenyewe, itaonekana. Mpaka nimalize, asiongee mtu.

Mama Bujiku alitii. Alikuja na maksai wake mmoja, mkokoteni ameuacha umekwama mbugani, akamfunga kwenye nguzo ya banda langu, akakaa kwenye gogo na kufumba mdomo.

Athanas hakuweza kufumba wake.

"Mzee Mayala, hebu tuseme ukweli," alisema. "Msukuma wa kuchunga ng'ombe aunde kitu kama hiki? Kwa akili ipi?"

"Mimi pia ni Msukuma," alisema Mzee Mayala.

"Wewe umesoma, mzee."

Mimi sijasoma. Ufundi nilijifunza kwa Mansukhlal, muuza spea wa Shinyanga mjini, kwa kufagia duka na kutazama picha za vitabu vyake. Kwa hiyo naenda polepole. Difu: ya Landrova. Injini: ya pampu ya maji. Foko ya mbele: mabomba mawili ya kinu cha pamba, yamechomelewa vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Lakini kila chuma kilikuwa na jambo moja sikulitaja. Mahali fulani pembeni, upana wa kidole gumba, palikuwa pamepigwa tupa. Palikuwa panang'aa bado.

"Bosi, hapa pamekuwaje?" niliuliza kwa upole.

"Kutu. Nimesafisha."

Nikatazama kumi na sita vyote. Kutu yenye adabu sana ile. Inakaa mahali pamoja padogo, inaacha kwingine kote kumeoza.

Sikumwita mwongo. Niliandika: *tupa, mpya.* Nikachukua cha kumi na nane.

Kilikuwa bushi nene, zito, pete ya kushikia ekseli. Nilipolisugua likatoka njano.

"Bushi la shaba," nilisema.

Athanas akasimama. "Umesema njano?"

"Shaba, bosi."

"Lete hapa!"

Machimboni ulikuwepo uvumi kwamba Marcel aliyeyusha dhahabu akaificha ndani ya mashine yake. Nilikuwa nimeusikia, nikaupuuza. Dhahabu ni laini; bushi lake lingesagika kabla ya kufika kisimani. Lakini mtu aliyeishi machimboni miaka kumi hawezi kuona njano akabaki na akili timamu.

Hakukumbuka kwamba dakika tano zilizopita mashine ilikuwa ya Mzungu wa Songwa. Alitoa mfukoni kichupa cha asidi, kile ambacho kila dalali hutembea nacho, akalilaza bushi kwenye turubai na kumwaga.

Aliimwaga pale pale alipopiga tupa. Palikuwa pasafi zaidi.

Bushi likachemka. Povu la kijani.

"Dhahabu haichemki, bwana mkubwa," alisema Mzee Mayala.

"Subiri kidogo."

Tukasubiri. Nikafuta povu kwa kitambaa, nikainama.

Mstari ulikuwa unajitokeza. Kisha mwingine. Nusu duara, na fimbo imepita katikati.

Baadaye Mansukhlal alinieleza. Ukigonga chuma kwa tindo, pigo linaingia ndani kuliko unavyoona. Tupa inaondoa uso tu. Asidi inapokula, pale palipogongwa panaliwa tofauti, na alama inarudi. Athanas alikesha wiki nzima akifuta, halafu kwa mkono wake mwenyewe akairudisha.

"Mikwaruzo hiyo," alisema.

"Nipe kichupa," alisema Mzee Mayala.

Matone mawili kwenye kitovu cha gurudumu. Ilichukua muda, ikatoka hafifu. Nusu duara, fimbo katikati.

Mzee Mayala akamgeukia mama Bujiku. "Mama, sasa sema. Alama hii unaijua?"

Mama Bujiku alinyoosha mkono kwenye nguzo ya banda.

Sote tukageuka. Maksai alikuwa anacheua, ametugeuzia ubavu. Kwenye paja, chapa ya moto ya ukoo wa Marcel: nusu duara, fimbo katikati.

"Sasa ng'ombe naye ni shahidi?" Athanas alifoka.

"Kati yenu wawili," alisema Mzee Mayala, "yeye hajadanganya leo."

Mzee Mayala akaandika kwamba mashine ni ya mama Bujiku; Athanas akaondoka bila kuaga. Lori lake lilikwama hatua mia mbili kutoka bandani. Tulisikia injini ikilia mpaka ikachoka. Alihitaji sana mashine ya kupita kwenye tope. Hakuna aliyekwenda kusukuma.

Mama Bujiku akasogea kwenye turubai. Akaokota cha kumi na saba, lile bomba la Kijerumani, akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

"Hili ni bomba la mbele la kitanda changu," alisema. "Marcel alikikata nikiwa kanisani. Nimelala chini miaka miwili kwa ajili ya chuma hiki!"

"Alikifanyia nini, mama?"

"Gadi. Tope lisimrukie usoni."

Nikafuta neno *halijulikani*. Nikaandika: *Gadi. Kitanda cha mama Bujiku.*

Nimesimulia haya kwa sababu moja. Mtu anayekudharau hukudharau mpaka mwisho, hata pale ambapo kunyamaza tu kungemwokoa. Usishindane naye kwa sauti. Endelea kusugua chuma chako, na umwachie nafasi aongee.

Jua lilikuwa linashuka na mvua ilikuwa inakuja tena. Vilibaki vyuma ishirini na vitatu. Nikakunja turubai juu yake, nikaweka mawe pembeni.

"Wabeja, fundi," alinishukuru mama Bujiku, akimfungua maksai. "Kesho nije saa ngapi?"

"Mapema, mama. Tunaanza na cha kumi na tisa."