Siku Mama Alipofagia Shamba

Kabla sijafumbua macho nilisikia ufagio. Haukuwa wa uani. Ule naujua, hukwaruza mawe. Huu ulipita taratibu kwenye udongo laini, kama mkono unaombembeleza mtoto mgonjwa. Nilipotoka nilimkuta mama ameinama katikati ya sukuma wiki, anafagia shamba.

Asubuhi hiyo tulimngoja mkaguzi kutoka Embu. Alikuwa akizunguka kijijini kwetu Ruiri kulinganisha mashamba ya samadi na yale ya fatalaiza ya dukani, aone yapi hayachoshi ardhi. Mama hakuwahi kutia dawa ya dukani shambani mwake, na akikubaliwa, angeanza kuuza mboga kwa hoteli moja mjini. Alilitaka jambo hilo kuliko paa jipya. Lakini kwetu mgeni hapokelewi penye takataka. Basi majani makavu aliyoyatandaza msimu mzima ili udongo usikauke, akayakusanya akayachoma. Nyungunyungu walioachwa wazi wakaliwa na kuku.

Baba mdogo, aliyelima ng'ambo ya ua kwa fatalaiza na dawa, aliegemea jembe akitazama.

"Shemeji," alisema, "umesahau kupiga deki."

Mkaguzi, kijana mpole mwenye gambuti miguuni, alifika jua limeshaukausha udongo. Alichimba kwetu, akausugua udongo viganjani, ukapeperuka vumbi. Akavuka ua. Baba mdogo ni mvivu wa kupalilia, na chini ya magugu yake ardhi ilikuwa na unyevu. Nyungunyungu mmoja mwembamba akajinyoosha mbele yetu sote. Baba mdogo alimtazama kama mwana aliyefaulu mtihani.

Tulipoingia ndani kunywa chai, mkaguzi aliuliza majani yalikwenda wapi.

"Nimetoa yote, mwanangu. Ulitaka ukute minyoo kwangu?"

"Ndiyo, Mama."

Mama akaketi. Nilidhani atalia. Kijana akasema leo hataamua lolote; atarudi siku nyingine bila kutoa habari, alione shamba lilivyo.

Hapo uso wa mama ukabadilika. Mtu anayekuja kwako bila kutuma habari anatafuta nini kama si aibu yako? Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Shambani pita siku yoyote," alisema. "Lakini humu ndani huingii mpaka niambiwe mapema kwamba unakuja."

Kijana alikubali, akashukuru, akainama kuvuka kizingiti. Kabla hajageuka kuaga, mama alikwisha kufunga mlango.