Nguvu Aliyopewa Syntiche

Gauthier ana moyo mzuri, hilo hakuna anayebisha. Ila moyo mzuri usio na akili, jamani, unaharibu kuliko ngumi.

Mchezo aliutunga mwenyewe. Anafanya kazi kwenye duka la fotokopi katikati ya mji. Mabaki ya kartoni anayakata, anayachora viraba, ndiyo uwanja wa vita. Kila mchezaji ana shujaa wake, na kila shujaa ana uwezo wake. Unatupa dadu, unasogea, unapiga. Jumapili baada ya misa watu walikusanyika uani kwenye parseli ya kina Gauthier, mtaa wa Hewa Bora, wakapigana na majitu mpaka saa ya kula bukari.

Syntiche, fundi cherehani wa mtaa huo, alikuwa na mpiga mkuki. Uwezo wake ulikuwa huu: akimwangusha adui, anasogea kiraba kimoja na kupiga tena, mara moja tu kwa zamu. Uwezo mzuri, wenye mpaka. Lakini Syntiche ana ugonjwa wa damu tangu utotoni. Ukimshika, mifupa inamuuma mpaka analia. Siku aliporudi mezani kutoka hospitali, amekonda, Gauthier alimwonea huruma akafuta ile "mara moja tu". Wenzake aliwaambia anajaribu sheria mpya. Sheria gani! Huruma tupu.

Tangu hapo mkuki ukawa haushikiki. Syntiche anaangusha, anasogea, anaangusha tena, na mwenzao Dan, ambaye shujaa wake ni mpiga upinde, amekaa kama mgeni matangani. Zamu ikimfikia, hakuna wa kumpiga. Dan akalalamika. Gauthier, badala ya kurudisha mpaka, akaongeza majitu. Haya, ndiyo nini sasa? Majitu yakiongezeka, mkuki unapata wa kuangusha zaidi. Dawa aliijua, ni maneno matatu tu, lakini aliogopa kwamba Syntiche akianza kushindwa hatakuja tena.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Kisha Jumapili moja Dan akachoka, akatupa dadu chini.

"Unamuachilia ashinde juu iko mugonjwa! Shiye bote tunajua!"

 Syntiche akamgeukia Gauthier, ambaye humwita yaya, kama kaka mkubwa.

"Yaya, ni kweli?"

Angeomba msamaha palepale, angesema amekosea. Yeye akajibu, "Nilitaka ufurahi tu."

"Ku nyumba bananionea huruma," Syntiche akasema. "Mu kanisa bananionea huruma. Hapa nilizani niko nashinda."

Akaaga kwa heshima, akaenda. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Gauthier aliirudisha "mara moja tu" mahali pake, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Baadaye akasikia kwamba Dan alikwenda kumwomba Syntiche msamaha, na kwamba sasa wanachezea kwa Dan, kwa sheria ile ya zamani yenye mpaka. Gauthier akajikaza, akaenda kwa Dan ili na yeye amwombe Syntiche msamaha. Alipofika, ameinua mkono agonge geti, akasikia sauti ya Syntiche ndani.

"Nimekufa! Dan, nimekufa tena!"

Na kicheko, wee! Alicheka mpaka akawa anapiga meza. Kwa Gauthier alishinda kila vita miaka miwili mizima, na Gauthier hakumbuki hata siku moja aliyocheka namna ile. Ilimchoma. Alishusha mkono, akarudi nyumbani bila kugonga.