Midomo ya Ovila

Huguette Boisclair amepata riziki yake kwenye midomo ya watu kwa miaka thelathini na minne. Usinielewe vibaya, si mmbea. Au tuseme, umbea si kazi anayolipwa mshahara. Yeye ni mweka alama. Filamu ya Kiingereza ikiletwa studio kwetu, mtaa wa Rosemont, hapa Montréal, ili itiwe sauti za Kifaransa, yeye ndiye wa kwanza kuitazama. Anaisogeza picha kwa picha, na kwenye utepe unaopita chini ya picha anaandika kila neno na kutia alama: hapa midomo imekutana, hapa imefunguka, hapa mtu kavuta pumzi. Baadaye mwigizaji anasoma utepe ule, na Kifaransa chake kinaingia kwenye mdomo wa Mmarekani kama mguu kwenye soksi.

Kazi hiyo hakuianzia shuleni. Baba yake, mzee Adélard, aliugua homa akiwa na miaka minne ikamwacha kiziwi, na tangu hapo anasoma midomo. Nyumbani kwao ulikuwa ukitaka kuongezewa viazi unamtazama baba usoni, unasema polepole, na humung'unyi maneno.

Mimi ni Solange, fundi wa mitambo. Mwaka jana bosi aliniagiza niunganishe msaidizi wetu wa akili mnemba na huduma moja ya mtandaoni inayobadilisha midomo kwenye video ili ifuate sauti mpya. Zamani ulikuwa unapeleka video mwenyewe, unasubiri, unaenda kuichukua. Sasa unamwandikia msaidizi tu, "Hii itie Kifaransa, midomo ifuate," naye anaipeleka, anaingoja na kukuletea. Ilinichukua siku mbili. Siku ya tatu Huguette akapita mezani kwangu na kikombe chake cha kahawa.

"Mchimba kaburi wangu, hujambo?"

"Sijambo. Kaburi lenyewe bado fupi, na wewe umebakiza miaka miwili ustaafu."

"Basi chimba taratibu, mgongo usije ukakuuma."

Ndivyo tunavyopendana. Kwa hiyo nilishtuka mwezi wa pili, Alhamisi moja, alipovuta kiti akaketi karibu yangu bila kunitania hata kidogo.

"Solange, hiyo mashine yako. Inaweza kumsemesha mtu wangu?"

Mtu mwenyewe alikuwa Ovila, mdogo wake Adélard. Ovila alivuka mpaka akiwa na miaka kumi na minane kwenda kufanya kazi viwanda vya nguo kule Woonsocket, Rhode Island, akaoa huko, akazeekea huko, na Kifaransa chake kikaingia kutu. Kiingereza Adélard hakisomi kwenye midomo. Lakini lugha ilikuwa shida ndogo. Mama yao alipokufa, Januari miaka ishirini na miwili iliyopita, Ovila hakuonekana mazikoni wala hakuandika. Adélard aliitoa picha ya ndugu yake ukutani, na kila barua iliyokuja baadaye akairudisha bila kuifungua.

Sasa Ovila, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa anapasuliwa moyo Jumanne, na madaktari hawakuahidi kitu. Binti yake alikuwa amempiga video jikoni akimtakia kaka yake heri ya kuzaliwa kwa Kiingereza, akamtumia Huguette.

"Wakiachana hivi hivi, Solange, baba atakufa na jiwe kifuani," Huguette alisema. "Maandishi atayaruka, namjua. Anaamini midomo tu. Nataka amwone Ovila akisema Kifaransa kabla ya Jumanne."

Nikampisha kitini, akamwandikia msaidizi mwenyewe. Tafsiri aliitengeneza kwa mkono wake, akichagua maneno yanayoonekana vizuri kwenye midomo. Msaidizi akajibu kwamba kazi iko tayari kupelekwa, ila mwishoni kuna sekunde kumi na mbili ambazo mdomo unacheza bila sauti: aziache kama zilivyo, azikate, au aufunge mdomo?

Huguette alizitazama mara moja tu. "Mzee midomo inamtetemeka. Funga."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Kwetu mdomo unaocheza bila sauti ni uchafu. Mwigizaji hana cha kusema pale, mtazamaji atadhani tumekosea, kwa hiyo tunaufunika. Tumefanya hivyo maisha yetu yote.

Jumamosi nikaendesha gari hadi Shawinigan, theluji imejaa kando zote mbili za barabara. Mzee Adélard alitufungulia amevaa tai, kwa ajili ya miaka yake themanini na minane. Akatuwekea supu ya njegere na pai ya nyama, na hakuna kilichowashwa mpaka sahani zikawa tupu. Huguette alipomwambia tumeleta nini, akageuza uso dirishani. Kisha akavuta kompyuta yangu mpaka mbele yake.

"Ala!" alisema kwa ile sauti yake nzito isiyopanda wala kushuka. "Anasema Kifaransa huyu! Amezeeka, maskini. Goti linamuuma? Vizuri, na langu linauma."

Huguette alinibana mkono chini ya meza. Ovila alimtakia heri, akalalamikia theluji ya Woonsocket, akataja Jumanne, akanyamaza. Mdomo ukafungwa vizuri kabisa. Mzee akainama karibu na kioo cha kompyuta.

"Rudisha hapo mwisho."

Nikarudisha.

"Mbona mdomo umefungwa na macho bado yanasema? Tazama nyusi zake. Anasema na mimi huyu."

"Hapo hakuna kitu, Baba," Huguette akamwambia uso kwa uso. "Hakuna sauti."

"Sauti?" Mzee akampiga jicho. "Mimi na sauti tumejuana lini?"

Lo! Nilimwona Huguette akibadilika rangi. Akafungua simu yake, akatafuta video yenyewe, ile ya asili ambayo haikuguswa na mtu, akaisogeza mpaka mwisho na kumpa baba yake.

Adélard aliitazama mara tatu. Wakiwa watoto, alituambia baadaye, walilala kitanda kimoja, na kanisani Ovila ndiye aliyekuwa akimpa mahubiri yote kwa midomo mitupu, bila pumzi, mama yao asije akawafinya. Sasa, kwenye video, Ovila alikuwa ameketi jikoni, binti yake kashika simu mbele yake, na alikuwa na neno ambalo binti hakupaswa kulisikia. Akalisema kwa njia ile ile, kwa Kifaransa kile kile cha utotoni.

Mzee alitusomea kwa sauti, neno moja moja:

"Siku ya kumzika Mama nilikuja. Nilikaa garini, ng'ambo ya kanisa. Nilikuwa nimelewa. Nilikuona umebeba jeneza, nikashindwa kushuka. Nisamehe."

Huguette alijifunika uso. "Miaka thelathini na minne nasoma midomo ya watu baki," alisema, "na wa kwetu nikaamuru ufungwe." Kinyozi hajinyoi, nilitaka kumwambia, lakini hata mimi ningeweza kuzitazama zile sekunde vizuri na sikuzitazama.

Mzee hakutulaumu. Alikaza tai yake.

"Nipige video na mimi," aliniambia. "Halafu msiitie chochote. Ipelekeni hivyo hivyo."

Nikashika simu. Akatazama pale kwenye jicho la kamera, na midomo yake ikaanza kucheza pasipo sauti. Nilisikia friji ikinguruma tu. Huguette alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, akimsoma baba yake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. Tuliituma saa tisa na robo alasiri.

Sikumuuliza amesoma nini. Wakati wa kurudi, tulipofika karibu na Trois-Rivières, akaniambia mwenyewe, uso wake umeelekea barabarani.

"Amemwambia: Gari nililiona, Ovila. Namba za Rhode Island. Nilijua ni wewe, nikapita. Toka hospitali salama. Safari hii nitagonga kioo."