Mstari Mwekundu wa Bolti ya Nane

Kifuniko cha klachi kwenye pikipiki ya baba kimeshikwa na bolti nane. Saba zilinifungukia asubuhi moja uani kwangu Bugembe, kabla chai yangu haijapoa. Ya nane, ile ya chini karibu na kanyagio la breki, ilikataa. Kila nilipoilazimisha, spana iliteleza na kuizunguka bila kuishika, maana pembe zake zilikuwa zimelika zikawa duara. Nilijilaumu mwenyewe kwanza. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nguvu za mkono wangu ni za kushika chaki, na pupa ninayo. Mume wangu husema hata kifuniko cha chupa nakifungua kwa ugomvi.

Baba alikuwa askari wa magereza. Tulikulia kwenye kota za askari Jinja, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha paredi: simama, shika, leta. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja tu, mdogo wangu, ambaye hakutaka hata kunusa grisi. Kwa hiyo spana nilishika mimi. Kila baba alipomaliza kukaza bolti, alichukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kichwani mwa bolti hadi kwenye chuma cha injini. Mtu akiifungua, mstari unakatika, na hata akiikaza tena ncha hazikutani.

“Hii ni askari yangu,” alikuwa akisema. “Haina kulala, haina kula rushwa.”

Hata baada ya mama kufariki aliendelea kununua vichupa vile. Mwenye duka alipomtania kuhusu kucha zake, alijibu kwamba anampelekea mke mdogo.

Mwaka niliokwenda chuo cha ualimu tuliifungua injini yote, tukaisafisha, tukaifunga. Bolti ya nane ya klachi aliniachia niikaze mimi, na mstari wake nikauchora mimi. Nilichovya brashi kwa pupa, rangi ikadondoka, mstari ukaishia na tone nene kama tumbo la kupe. Nilitaka kuufuta, baba akakataa, akasema niuache hivyo hivyo ili ajue ni wangu.

Alipostaafu alihamia Mbale, kwenye kipande chake cha ardhi chini ya mlima Wanale, na pikipiki akaenda nayo. Kila Krismasi niliyokwenda kumsalimu, kabla hata sijala, aliniongoza hadi bandani, akaiinamisha kidogo na kunielekezea kidole pale chini. “Mstari yako bado iko,” aliniambia. Mimi nilisimama tu na nguo zangu za kanisani, nikaona wekundu, nikaridhika. Sikuwahi kuinama.

Siku alipogawa vyake mbele ya wazee wa ukoo, nyumba na ardhi alimpa mdogo wangu, mimi nikapewa pikipiki. Shangazi zangu walinisubiri ninune. Sikununa. Nilikuwa na kitu ambacho mwana wa kiume hakukitia mkono: injini iliyojulikana na watu wawili tu duniani, mimi na baba. Nilirudi Bugembe nikiringa, na baba alipofariki nililipia lori liniletee urithi wangu.

Sasa asubuhi ile nililala chali kwenye gunia, nikaisugua bolti kwa kitambaa chenye petroli, nikaimulika kwa simu. Mstari ulikuwepo, mzima, haukukatika. Ila ulikuwa umenyooka. Tone halikuwepo. Na rangi ilikuwa imeingia ndani ya mikwaruzo ya pembe zile zilizolika, ikakaukia humo. Maana yake bolti ilichubuliwa kwanza, ikapakwa rangi baadaye.

Nilimpigia mdogo wangu simu palepale, mgongo ukiwa bado kwenye gunia, nikamwambia maneno ambayo wanafunzi wangu hawaamini kwamba nayajua. Mwizi lilikuwa la heshima kuliko yote. Niliendelea hadi pumzi ikaniishia.

“Dada, mimi najua kuchora ile kitu?” akasema. “Ni mzee alichora. Yeye mwenyewe.”

Akanieleza. Pikipiki yake ya boda ilikuwa imekufa, akaazima ya mzee, akabeba nayo watu na magunia pale mtaani Namakwekwe hadi klachi ikaungua. Akaifungua kwa spana isiyo saizi yake, akaiharibu bolti. Mzee alimtukana siku nzima, kisha akanunua sahani mpya za klachi, akafunga, akaipaka gundi ile bolti kwa kuwa meno yake yalikuwa yamekwisha, akachora mistari yote minane upya.

“Alisema wewe usijue. Uko na hasira, ukijua utaacha kuja.”

Nilimuuliza ilikuwa lini. Akataja mwaka, nikahesabu kwa vidole: Krismasi sita. Mara sita baba alinishika mkono, akanipeleka bandani, akanitazama usoni, akaniambia mstari wangu bado upo. Mdogo wangu kuharibu kitu sikuona ajabu, ni kazi yake tangu utotoni. Lakini yule mwingine ndiye aliyenifundisha mstari ni wa nini. Nilimchukia asubuhi ile, baba yangu, na kaburi lake halijamaliza hata miaka miwili.

Nilitumia siku mbili kwa mafuta ya kulegeza kutu, tindo na nyundo. Wapi, haikutikisika. Siku ya tatu niliisukuma pikipiki hadi kwa fundi wa kuchomelea kando ya barabara ya Iganga. Akaitazama, akasema atachomelea nati juu ya kichwa cha bolti, na moto wenyewe utailegeza. Nikamuuliza ile rangi itakuwaje. Akanishangaa, akasema rangi itaungua.

Nilimwambia asubiri. Akadhani naiogopea injini, akaanza kunituliza, pole mwalimu, haitapasuka. Nilisimama pale malori yakipita, nikamwambia achome.

Moshi wake ulinuka kama chumba cha mama Jumapili asubuhi. Kisha fundi akatia spana kwenye nati mpya, akavuta taratibu, na bolti ikatoka ikilia, imejaa gundi ya kijivu. Baba alizoea kusema gundi ni ya fundi anayepanga kuhama mji. Tulitoboa tundu upya, tukakata meno mapana zaidi, na bolti mpya niliikaza kwa mkono wangu. Kichupa cha rangi nilikuwa nacho mfukoni. Sikukifungua.

Injini iliwaka kwa teke la pili, na sauti yake ilikuwa ileile ya kota, ya baba akirudi kazini. Nililia kwa hasira, kwa sababu sauti ilinifurahisha.

Jumamosi iliyofuata niliiendesha hadi Mbale, hadi ile nyumba chini ya Wanale. Mdogo wangu alinikaribisha kwa hofu, akanipisha kwenye kiti cha baba. Nikaitoa bolti mfukoni, na nati yake imeng'ang'ania kichwani, nikaiweka mezani kando ya birika.

Akaigeuzageuza. “Hii ni ya nini, dada?”

“Ni ya kwako,” nikamwambia. “Ilibaki kwenye vyangu kwa makosa. Mzee alikugawia vyote, hata mstari wangu.”

Hakucheka. Nilimaliza chai yangu, nikaaga.