Mtoto wa Meno ya Juu

Wakati wa Mwingereza nilifundisha shule ya misheni katika milima ya Ileje, juu ya Isongole, na Jumapili nilihubiri. Nilikuwa na elimu ya sekondari, nayo ilinifanya nijione mkubwa kuliko nilivyokuwa.

Asubuhi moja ya wiki ya Krismasi nilikuwa barazani nikiandaa mahubiri juu ya Yusufu na Mariamu kukimbilia Misri. Wakaja mume na mke kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasa, wana matope hadi magotini. Mama alibeba mgongoni mtoto wa kiume aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kigego. Wazee wa kwao walisema atamaliza ukoo, atupwe mtoni. Wazazi wakakimbia naye.

"Mna barua ya kanisa?" niliuliza. Mkristo aliyehama alipaswa kubeba barua ya mchungaji wake.

"Tuliondoka mbiombio, mwalimu," alijibu baba wa mtoto.

"Basi rudini mkaichukue."

Nilijua hawawezi kurudi. Barua ilikuwa kisingizio. Niliogopa kwamba watu wangeondoa watoto wao shuleni wakisikia nimepokea kigego.

Mke wangu akatoka jikoni na binti yetu mchanga. "Mwalimu, hao watu wa Misri nao walimwomba Yusufu barua?"

Majirani walikwisha kujaa uani. Mke wangu alinipa binti yetu, akamfungua yule mtoto mgongoni mwa mama yake, akaketi, akamnyonyesha mbele ya wote.

"Jamani! Mama mwalimu amechoka kuishi!" alipiga kelele bibi jirani yetu.

"Aii!" Mke wangu alishtuka. "Ameniuma kweli, bibi. Haya, njoo unitazame. Nimekufa?"

"Bado. Ngoja kidogo."

Watu wakacheka, lakini wakangoja. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Bibi akasonya, akaenda zake, akarudi na ungo wa maharage ya mbegu. Mwingine akaleta jembe. Kabla jua halijatua, wageni walikuwa wameonyeshwa shamba chini ya shule, na wanaume wanakata miti ya kibanda.

Nimewaona wanaume waliorudi kutoka vitani. Ujasiri kama ule wa mke wangu sijauona kwao.

Jumapili nilihubiri vizuri, nikasema Mungu aliwaandalia mahali Misri. Sikusema kwamba mimi niliwafukuza waliokuja kwetu.

Walikaa misimu mitatu, hadi walipopata ardhi Igamba. Siku ya kuaga, yule baba alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwalimu, kwa kutupokea." Alikumbuka nilivyowaambia siku ile, nami nilikumbuka; asante ile ilikuwa heshima yake tu. Mke wangu alikuwa hatua mbili kando, akimfunga mtoto vifungo vya shati. Nilipaswa kumwambia yule baba amshukuru yeye.

Nilisema, "Karibuni tena."

Mke wangu aliishi nami miaka mingi baada ya hapo. Asante ile sikumfikishia.