Nilisimama Juu ya Mtumbwi wa Pombe

Enzi zetu wimbi lilisubiriwa. Wenzangu mliokwenda shule na kidumu cha maji mkononi na jembe begani mtanielewa. Vijana wa siku hizi, ambao simu ikikwama kidogo tu wanaanza kulaani, waendelee na shughuli zao.

Sisi wa Nyamahanga, maji mengi tuliyoyajua ni ya kisimani. Likizo moja nikapelekwa kwa shangazi, kando ya Ziwa Victoria, nikamkuta binamu yangu Yustina na wenzake wakipanda mawimbi kwa vipande vya mgomba, wamelala kifudifudi. Ghuba yao ilitulia kama uji uliopoa. Wimbi la maana lilikuja siku likijisikia. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema nitapanda nimesimama.

"Wewe mtoto wa kisimani," Yustina akacheka, "hata baiskeli si unashikiliwa?"

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliniuma.

Likizo ikaisha naangukia pua, maana mgomba unateleza kuliko sabuni. Siku ya mwisho akili ikanijia: mtumbwi wa shangazi wa kukamulia pombe ya ndizi! Gogo lililochongwa, pana, linanukia rubisi, ndiyo hiyo pombe yenyewe, ambalo mtoto hakuruhusiwa hata kuliegemea. Tukaubeba, mimi mbele, Yustina nyuma, tukihema.

Tukangoja majini mpaka vidole vikakunjamana. Alasiri upepo ukakaza, wimbi likaja, la kufika kiunoni. Nikasimama! Mikono inapiga kama kuku anayefukuzwa, lakini nimesimama, mpaka mtumbwi ukasaga mchanga. Nikageuka nimtambie Yustina. Hayupo. Alishamwona mama yake akija na fimbo, akatoka mbio.

"Shikamoo shangazi," nikasema, bado nimesimama mtumbwini.

"Marahaba. Umesimama, nimeona. Sasa shuka nikuchape."

Nikachapwa vizuri. Pombe ya wiki ile ilinuka samaki, wanywaji wakaisema mpaka wakachoka.

Yustina hadi leo anaapa kwamba nilipiga magoti. Shangazi, shahidi wangu pekee, tulishamzika. Na binti yangu, kila akitazama kwenye simu watu wanaopanda mawimbi marefu kama nyumba, hunigeukia: "Eti baba, wewe? Unayeogopa bodaboda?"

Ndiyo, mimi. Mimi nisiyevuka uzio wangu ila kwa msiba. Mawimbi yao huja kila wakigusa kioo. Langu lilikuja moja, likizo nzima, likanikuta nimesubiri. Nilisimama. Anayebisha aje, kiti kipo, nitamwambia tena.